Saleha na sanduku linalobisha hodi hewani

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala bondeni Kwemvule kama mtu aliyekula daku akashiba. Saleha Shaame amekwisha kupanda ngazi yake ya miti yenye vipago saba. Mkononi ana kipande cha khanga kuukuu. Anapangusa paneli ya sola polepole, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayemkosha mtoto uso.

Akimaliza anateremka, anafungua kijimlango cha sanduku la bati lililofungwa kwenye nguzo, anachungulia ndani, anasoma tarakimu moja tu.

"Themanini na mbili," anasema, na mabega yanamshuka. "Alhamdulillahi. Mwezi wa tano nilikuwa nafungua hapa huku macho nimeyafumba."

Themanini na mbili ni asilimia ya umeme uliobaki kwenye betri. Kwa wengine ni namba kama namba nyingine. Kwa Saleha ndiyo habari ya kwanza ya siku, kabla ya chai, kabla hata ya kumuuliza mumewe kaamkaje.

Saleha ana miaka arobaini na tisa. Kazi yake ina jina refu kwenye karatasi za mradi, lakini hapa kijijini, kwenye mpando wa kutoka Maramba kuelekea misitu ya Amani, wanamwita Mama Hewa. Analinda sanduku la redio linalopeleka mawasiliano ya zahanati na shule hadi Maramba. Mtandao wa simu huku bondeni haufiki, milima imeukinga pande zote. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi.

Mumewe, Maulid, mkulima wa iliki, ana lake la kusema. "Nilioa mwanamke," anasema, "nikapata mnara."

Sanduku lenyewe lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo kisa chote. Halina njia yake hewani. Linapita kwenye njia za televisheni ambazo huku hazitumiki, kwa sababu mawimbi ya njia hizo hupenya kwenye majani na ukungu kuliko mengine. Lakini si zake. Mwenyewe akitokea, linatakiwa liondoke hapo hapo, litafute njia nyingine. Ndiyo maana kabla ya kusema neno lolote, husikiliza kwanza.

"Ni kama kukatiza uani kwa jirani ukienda kisimani," Saleha anaeleza. "Unabisha hodi. Ukisikia kimya, unapita. Ukimkuta mwenyewe anaoga, unarudi, unazunguka kwingine. Huna haki ya kugombana, ua si wako."

Tatizo ni kwamba kule kubisha hodi nako kunakula umeme. "Watu hudhani kusema ndiko kunakochosha," anasema. "Kusikiliza kunachosha vilevile. Muulize mkwe yeyote."

Saleha alizaliwa Wete, Pemba. Alipokuwa na miaka sita baba yake, fundi wa redio, aliihamishia familia Tanga mjini, mtaa wa Nguvumali. Utoto wake ulipita chini ya meza ya baba, akiokota skrubu zilizodondoka. Shule aliishia darasa la saba. Mengine aliyasomea pale chini ya meza.

"Baba alikuwa na neno lake," anakumbuka. "Redio ikikoroma usiipige, isikilize, itakwambia inaumwa wapi. Wateja walikuwa wanazipiga vibao, yeye anaumia kama kapigwa yeye."

Alipoolewa Kwemvule alikuja na bisibisi tatu na chuma cha kulehemu. Akawa anauza vitumbua asubuhi na kutengeneza redio za wakulima mchana. Miaka mitatu iliyopita mradi mdogo wa majaribio ulipoleta sanduku, ukatafuta mtu wa kulitunza, kijiji kizima kilimnyooshea kidole yeye.

Kabla ya sanduku, muuguzi wa zahanati, Mwamvua, akiwa na mgonjwa mahututi alikuwa anamwacha na kupanda mlima dakika arobaini, hadi kwenye jiwe moja ambako simu hushika. "Unafika juu unahema, hata maneno hayatoki," anasema Mwamvua. "Na huku nyuma hujui utamkuta mgonjwa katika hali gani. Sipendi kuzikumbuka siku zile."

Sanduku lilipokuja, Mwamvua aliweza kuzungumza na daktari wa Maramba akiwa amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa miaka miwili na zaidi mambo yalikuwa mteremko.

Mvua za masika ya mwaka huu, zenye ukungu kuliko zilizotangulia, zikabadili hesabu.

Sabiri, mhandisi wa mradi aliye Tanga mjini, alikuwa amelipanga sanduku lisikilize kila sekunde, mchana na usiku, ili lisije likamkanyaga mtu. Adabu nzuri. Lakini jua lilipojificha nyuma ya ukungu siku tatu mfululizo, ikifika alasiri betri imekauka na sanduku limezimika.

Basi Sabiri akalipanga upya, lisikilize mara moja tu kila robo saa. Betri ikapona. Ijumaa iliyofuata, khatibu akiwa juu ya mimbari msikitini, maiki yake isiyo na waya ikaanza kukwaruza. Maiki za namna hiyo hupita kwenye njia zile zile za televisheni. Sanduku lilikuwa halijabisha hodi kwa dakika kumi. Likaingia tu, likamkuta khatibu, likasema juu ya maneno yake.

Ikawa hivyo Ijumaa ya pili. Mzee Haji, muadhini, mtu asiyepepesa maneno, akasimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Sanduku hili halina adabu," alisema. "Mgeni anayeingia ndani watu wanazungumza na Mola wao, akapayuka, huyo mgeni gani? Ling'olewe."

Mkutano ukakata shauri: hadi mwisho wa mwezi wa tano sanduku liwe limetulia, ama liondoke. Mradi nao ulisema wazi kuwa viko vijiji vingine vitatu vinavyolisubiri. Saleha alirudi nyumbani hakula.

"Sikuwaza mshahara," anasema, kisha anacheka kidogo. "Haya, niliwaza kidogo. Lakini zaidi nilimuwaza Mwamvua na lile jiwe lake."

Kesho yake alichukua daftari. Sanduku lina kitaa cha rangi ya chungwa kinachowaka likisikia mtu hewani. Kwa wiki mbili Saleha alibeba kigoda na sindano yake ya kufumia, akakaa chini ya nguzo tangu asubuhi hadi magharibi, na kila kitaa kilipowaka aliandika saa. Alfajiri na isha alikuwa anachungulia dirishani. Majirani walisema amerogwa na bati.

Lakini baba yake alishasema: usiipige, isikilize. Na hewa ya Kwemvule, ikisikilizwa kwa utulivu, ilikuwa na saa zake. Kitaa kiliwaka alfajiri. Kikalala. Kikawaka adhuhuri, kikalala. Alasiri, magharibi, isha. Ijumaa kiliwaka kwa muda mrefu. Saa nyingine zote, kimya, hewa tupu kama shamba lililovunwa.

Saleha akainua macho ukutani kwake. Pale, juu ya mtungi wa maji, ilitundikwa ratiba ya swala ya mwaka mzima, yenye dakika za kila siku kwa kadiri jua linavyosogea. Akampigia Sabiri simu kupitia sanduku.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, wewe unabisha hodi kwenye nyumba tupu siku nzima, unatafuta nini?"

"Mama, kanuni inataka lisikilize."

"Nani kakwambia lisisikilize? Lisikilize sana wenye nyumba wakiwapo. Wasipokuwapo libishe mara mojamoja, kisha lilale, litunze nguvu. Saa za wenye nyumba ninazo hapa ukutani."

Sabiri, kijana wa miaka thelathini na moja, anacheka akikumbuka. "Nilikuwa nimejaza madaftari mawili kwa hesabu, natafuta namna ya kupunguza ulaji wa umeme bila kuwakera wenye njia," anasema. "Na jibu liko kwa Mama, juu ya mtungi."

Wakaliingiza kwenye sanduku pamoja, yeye Tanga, Saleha chini ya nguzo na simu mkononi. Robo saa kabla ya kila adhana sanduku liamke, lisikilize kila sekunde, mpaka watu watawanyike. Saa nyingine libishe hodi mara moja kila dakika tano. Ijumaa hotuba ilipita safi kama maji ya chemchemi, na betri, hata kwenye ukungu, haikushuka chini ya arobaini. Saleha usiku ule alilala mpaka akaamshwa.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili tu.

Jumapili saa saba mchana, Yona, katekista wa kanisa la pale kilimani, aliteremka na mwavuli wake. Watu wa dini zote Kwemvule humwita Mwalimu. Alimkuta Saleha anachambua mchele.

"Mama Hewa, hodi."

"Karibu Mwalimu. Za ibada?"

"Ibada?" Yona akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mama, naomba kuuliza. Sisi Jumapili tumefutwa kwenye kalenda?"

Kanisa lilikuwa limenunua maiki mpya isiyo na waya Pasaka ya mwaka huu, na wakati wa wiki mbili za daftari ilikuwa imerudishwa dukani Tanga kwa ubovu. Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa imerudi. Yona aliishika kutangaza ndoa ya kijana Ernesti, tangazo la kwanza kati ya matatu, na lilipofika jina la bibi harusi, kwararararaa. Hakuna aliyesikia. Baba wa binti akataka tangazo lihesabike halikutolewa, harusi isogezwe wiki moja, na mama yake Ernesti, ambaye mchele na mafuta vilikuwa vimeshanunuliwa, alilia palepale kwenye benchi.

"Nilitamani ardhi inimeze," Saleha anasema. "Saa zote za Mungu nilizozijua niliziandika. Nimekaa hapa miaka ishirini na minne, kengele ya kanisa naisikia kila Jumapili, ikilia ndipo naanza kufua nguo. Na sikukumbuka kuuliza."

Alasiri ile alipanda kilimani na jogoo kwenda kuomba radhi kwa mama Ernesti. Jogoo akapokewa, radhi ikasubirishwa kidogo. Yona ndiye aliyemsindikiza kurudi.

"Jogoo mzuri," alimwambia njiani, "lakini hajui kusoma tangazo. Niandike tu kwenye ratiba yako, Mama. Hata kama ni chini ya Ijumaa."

Saleha akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya ratiba ya swala: Jumapili, saa tatu hadi saa sita, Mwalimu Yona.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika mwisho wa mwezi wa tano. Na ndipo ukungu uliposhuka ukakaa. Siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Nguo hazikukauka, iliki iliota kuvu uani. Betri ilishuka taratibu kama mzee anayeteremka ngazi. Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili.

Saa nne asubuhi simu ya Saleha ililia. Alikuwa Mwamvua, akizungumza kupitia sanduku. Zahanati kulikuwa na Rahila, mke wa mkulima mmoja, uchungu wa uzazi umemshika, na mtoto amekaa vibaya tumboni.

"Mama, nahitaji daktari aongee nami hatua kwa hatua, na gari litoke Maramba," Mwamvua alisema. "Sanduku litahimili?"

Saleha akakimbia kwenye nguzo. Kumi na nne. Ikifika kumi, sanduku hujizima lenyewe ili betri isife. Na ilikuwa saa ya Yona: maiki ya kanisa iko hewani, sanduku limekodoa macho, linasikiliza kila sekunde kama lilivyofunzwa, linarukaruka kutafuta njia. Kusikiliza vile na kusema na daktari kwa pamoja, alipiga hesabu kichwani, umeme usingefika nusu saa.

Angeweza kuliamuru liache kusikiliza, kidole kimoja tu kwenye simu. Lingeingia kanisani likiwa kipofu, likamkanyaga Yona kwa mara ya pili, siku ya tangazo jingine la Ernesti. Na mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi inayofuata.

"Kidole kilikuwa juu ya kioo hivi," anasema, akionyesha. "Nikasema la. Ua si wangu. Nikabishe hodi mwenyewe."

Kutoka kwenye nguzo hadi kanisani ni mwendo wa dakika nne kwa mtu anayetembea. Saleha, na ndara moja imebaki kwenye matope, anasema hajui alitumia ngapi. Alisimama mlangoni, ushungi umemwangukia mabegani. Kwaya ilikuwa inaimba. Yona akamwona, akainua mkono, kwaya ikakatika.

"Mwalimu, niazime hewa," Saleha alisema. "Rahila yuko zahanati, mtoto kakaa vibaya, betri imekwisha."

Yona hakuuliza la pili. Aliitazama maiki mkononi mwake, akaibonyeza, akaiweka juu ya meza.

"Ndugu zangu," aliwaambia waumini, "maiki inapumzika. Leo koo zifanye kazi. Tangazo la Ernesti nitalisoma kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na atakayesema hakusikia nitamrudia sikioni."

Watu wakacheka, kisha wakaimba. Saleha alikuwa amekwisha kugeuka. Kwenye nguzo aliliambia sanduku kwamba mwenye nyumba ametoa ruhusa, lisikilize mara moja kwa dakika tano, nguvu zote zibaki za kusema. Akazima na mawasiliano ya shule. Akakaa na kutazama tarakimu. Kumi na tatu. Ikakaa hapo. Mwamvua na daktari walikuwa wanazungumza.

Saa sita na robo ikafika, robo saa kabla ya adhuhuri. Gari lilikuwa bado njiani, limekwama kwenye tope na watu wanalisukuma. Kumi na mbili. Sanduku lilikuwa linataka kuamka kwa ajili ya adhana, na Saleha hakuthubutu tena kuiacha nguzo akabishe hodi msikitini, betri ikiwa ukingoni hivyo. Aliinuka, akaketi, akainuka.

Kisha akasikia. Adhana ilitoka msikitini bila kipaza sauti, koo tupu, ikapanda bondeni kupitia ukungu. Mzee Haji alikuwa amepata habari kwa watu waliotoka kanisani. Hakuna aliyemwomba. Kitaa cha chungwa hakikuwaka, Saleha akaliambia sanduku lisiamke.

"Babu zetu waliadhini na nini?" Mzee Haji anauliza sasa, akiona watu wanalifanya jambo kubwa. "Koo ninayo. Nilikuwa nimeisahau tu kidogo."

Saa saba kasoro dakika tano gari lilifika. Mwamvua, kwa kufuata maelekezo ya daktari, alikuwa amemlaza Rahila na kumtuliza hadi wakati huo. Walimkimbiza hospitali, na saa kumi jioni akajifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, mama na mwana wazima.

Ujumbe ulipoingia, sanduku lilikuwa limebaki na kumi na moja. Saleha anasema alikaa kwenye matope na nguo yake nzuri, akacheka peke yake mpaka Maulid akaja kumtazama kama ana akili zake.

Mama yake Rahila alitaka mjukuu aitwe Betri. Wakamkatalia. Anaitwa Maryam, ila bibi yake hakukubali kushindwa, humwita Betri akiwa anamwogesha.

Kwenye mkutano wa Jumamosi, Mzee Haji ndiye aliyesimama wa kwanza. "Nilisema halina adabu," alisema. "Limefunzwa. Libaki." Akaketi. Hapakuwa na mjadala. Ernesti naye ameoa, na mama yake amemrudishia Saleha radhi yake pamoja na sahani ya pilau.

Siku hizi ratiba imenakiliwa kwenye karatasi kubwa, imebandikwa kwenye duka la kijiji. Mwenye harusi, mwenye maulidi, mwenye mkutano wa hadhara, anakuja kwa Saleha siku mbili kabla kusema atatumia maiki saa ngapi. Jumatano huja wanawake wawili kutoka vijiji vya juu, upande wa Amani, kujifunza kutunza masanduku yatakayofungwa kwao. Kabla ya kugusa bisibisi, kila mmoja hupewa daftari na kuambiwa akasikilize hewa ya kwao, na aulize milango yote.

Paneli ya pili imeahidiwa kabla ya mvua za vuli. Lakini mpango anaouwaza Saleha zaidi ni mwingine. Dada yake mkubwa yuko Wete, na tangu sanduku lije hajamtia machoni, miaka mitatu. Hajawahi kuthubutu kuliacha hata usiku mmoja. Wiki ijayo anakwenda, siku nne nzima. Begi lipo mlangoni tangu juzi.

"Anafunga, anafungua," anasema Maulid. "Mimi nilidhani linakwenda begi, yeye anabaki."

Asubuhi inayofuata, jua limechomoza, ni Mwamvua aliye juu ya ngazi na khanga kuukuu. Saleha amesimama chini, mikono nyuma.

"Kutoka juu kwenda chini, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Umeshanambia."

Mwamvua anateremka, anafungua kijimlango, anachungulia.

"Ngapi?" Saleha anauliza.

"Themanini na tano."

Saleha ananyoosha shingo kidogo, kisha anajizuia. Hasogei kutazama. Anajifunga ushungi vizuri, anageuka, anakwenda zake kunywa chai.